Kuku wa Kwaluguru na Mkono wa Golikipa

Juma lililopita niliingia uwanjani mechi ikiendelea. Nilikuwa natoka sokoni hapa Korogwe, kikapu mkononi, nikapita kando ya kiwanja cha vijana kama ninavyopita siku zote. Jicho likatua golini. Golikipa ana hogo la plasta mkono wa kushoto, kuanzia kwenye vidole mpaka karibu na kiwiko, amelivalisha soksi lisichafuke, na anangoja kona ipigwe. Nikavuka mstari. Mwamuzi akapuliza filimbi, nikamwambia aendelee kupuliza, mapafu ni yake.

"Shikamoo bibi," mtoto akaniamkia kwa adabu zote.

"Marahaba. Nani kakufunga hilo?"

"Hospitali."

"Na nani kakuweka golini?"

"Kocha. Kasema mkono mmoja unatosha, mechi yenyewe ya kirafiki. Niko fresh tu, bibi."

Nikamshika ule mkono wake mzima nikamtoa nje. Kocha akaja mbio. Wenzake wakacheka, mmoja akatoa simu. Kama imekufikia ile video ya bibi anayemfokea kocha huku dagaa wanamwagika kwenye nyasi, bibi huyo ni mimi. Mmeiwekea na muziki. Hilo halikunikera. Kilichonikera ni kwamba aliyerekodi alikata pale pale nilipomuuliza kocha swali la maana, na jibu lake hamkulisikia. Nitawaambia alijibu nini, lakini kwanza mtanisikiliza.

Mimi nimezaliwa Dindira, kwenye baridi na chai. Nilishuka Korogwe nikiwa msichana mwenye sweta moja, nikaajiriwa chumba cha plasta hospitalini, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Wagonjwa waliniita Mama Plasta. Nimefunga wachuma chai walioteleza mlimani, wakata mkonge, bodaboda wa kila aina, na wazee waliokwenda chooni usiku bila tochi. Lakini kundi lililonipandisha damu kuliko yote ni wanamichezo wadogo, watoto wa shule. Na hasira yangu haikuwa juu yao. Ilikuwa juu ya watu wazima wanaosimama pembeni mwa uwanja wamefunga mikono kifuani, mikono yao ikiwa salama kabisa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kiondo, Mshambaa mwenzangu, maneno machache na kikohozi kingi. Siku yangu ya kwanza nilichota maji ya moto nikidhani namfanyia mgonjwa hisani. Bandeji ya plasta ikagandia mkononi mwangu kabla sijamfikia mgonjwa mwenyewe. Mzee Kiondo akaichukua, akaigonga mezani ko ko ko, akasema, "Hii sasa mpelekee fundi ujenzi." Ndipo nikajua kwamba maji yanatakiwa yawe vuguvugu tu. Akanifundisha pia kwamba plasta mbichi inashikwa kwa viganja, haishikwi kwa ncha za vidole. Kila kidole kinaacha kishimo, na kishimo hicho kwa upande wa ndani kinakuwa uvimbe, na uvimbe unakuwa kidonda ambacho hakuna anayekiona mpaka kitoe harufu. "Shika kama unashika mkate uliotoka jikoni sasa hivi," alikuwa akisema. Na alikuwa na neno jingine: "Plasta ni ukuta tu. Anayejenga ndani ni mwenye mfupa, na hajengi kwa ratiba ya mtu."

Neno hilo ningependa liandikwe kwenye kila lango la uwanja kuanzia hapa mpaka Handeni.

Sasa wewe uliyevunjika kifundo cha mkono, au utakayevunjika kesho, maana nawajua. Ukishafungwa, chezesha vidole siku hiyo hiyo. Vidole havijavunjika, kwa nini uvilaze kama navyo vinaumwa? Mkono uinue juu ya moyo, ukilala uuwekee mto, ukitembea ufunge na khanga ya mama yako shingoni. Usione haya kuvaa khanga. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vya bluu, au ukihisi ganzi, rudi hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke, na anayekuambia "vumilia" mwambie avumilie yeye. Ukiwashwa ndani, kuna kuwashwa tu, hakuna dawa. Mimi nimefungua plasta nikakuta njiti za ufagio, kifuniko cha peni, punje za mahindi, na mara moja mende aliyekauka. Mwenye mende alikuwa mchezaji wa kikapu, mrefu kama mlingoti, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga yowe.

Na ule msumeno wa kukatia plasta haukati ngozi. Unatetemeka tu. Nimeuweka kwenye kiganja changu mwenyewe mara nyingi mpaka nikachoka, na bado wanaume wenye ndevu walikuwa wakifumba macho na kuita mama zao.

Basi, tuje kwa Zaina.

Zaina alikuwa golikipa wa timu ya wasichana katika shule moja ya sekondari upande huu wa Korogwe. Jina la shule halitawasaidia. Kwao ni Kwaluguru, Handeni, na aliyemlea ni bibi yake, mkulima wa mahindi na mbaazi. Siku ya kwanza kumwona alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi na mkono umepinda mgongo juu, kama kijiko kilichopinduliwa. Alikuwa amerukia mpira, akaushika, akatua kwa kiganja kwenye uwanja mgumu wa changarawe. Aliletwa na mwalimu wake wa michezo, kijana mtanashati, filimbi shingoni, ambaye alikuwa pia anafundisha baiolojia. Hilo la baiolojia mliweke akilini.

Daktari aliuvuta mfupa ukarudi mahali pake, mimi nikafunga. Zaina hakulia wakati wa kuvutwa. Alilia niliposema wiki sita.

"Mama, mchujo wa timu ya mkoa ni mwezi ujao," aliniambia.

Nilielewa alichokuwa anakililia. Mtoto wa Kwaluguru akiingia timu ya mkoa anaonekana, na akionekana huenda akachukuliwa na shule yenye kituo cha michezo, na huko anasoma na kula na kucheza bila bibi yake kuuza mbuzi. Kipaji chake chote kilikuwa mikononi. Hakuwa na kingine cha kuwaonyesha watu.

"Mchujo utakuwepo na mwakani," nikamwambia. "Kifundo hiki hakiuzwi dukani."

Nikamgeukia Mwalimu, nikampa maelezo polepole kama ninavyompa mtu anayeandika. Wiki sita ndani ya plasta, tukijaliwa. Wiki moja kuanzia leo umrudishe tupige picha tuone kama mfupa umekaa. Plasta ikitoka, mazoezi ya kurudisha mkono, na asianguke chini kwa makusudi mpaka sisi tuseme. Mwalimu aliyaandika yote kwenye simu yake. "Nimekuelewa sana, Mama," akasema, na nikamwamini, kwa sababu alisema "sana".

Wiki ya kwanza walirudi, picha ilikuwa nzuri, mfupa umetulia. Kisha shule ikafungwa na Zaina akaenda nyumbani kupumzika. Bibi yake alipoona lile hogo, akafanya kile ambacho bibi yeyote wa Kwaluguru angefanya. Akamwita Mzee Mgaza, mganga wa mifupa wa pale kijijini.

Msicheke. Nimekutana na waganga wa mifupa wengi katika kazi yangu, wengine wameniletea wagonjwa wenyewe wakisema hapa mkono wangu haufiki. Mzee Mgaza hakuigusa plasta yetu. Alisema kazi ya hospitali haiingiliwi, yeye atafanya ya nyumbani. Akachukua jogoo, akamvunja mguu, akaufunga kwa vijiti na dawa yake, akamfunga kamba karibu na mlango wa chumba cha mgonjwa. Ndivyo wanavyofanya huko tangu zamani: kuku akianza kutembea, mgonjwa naye yuko njiani. Kuku huyo analishwa, anatazamwa, anaombewa, na kwa desturi ya Mzee Mgaza hachinjwi mpaka mgonjwa awe amepona kabisa. Kwa mtu aliyekaa nyumbani na mkono unaouma, mimi sioni ubaya wake. Una kiumbe cha kumwangalia, unajifunza subira. Ubaya unaanza pale mtu mwenye filimbi anapomgeuza kuku kuwa daktari.

Mwalimu alianza kupiga simu. Haya nimeyasikia kwa bibi mwenyewe. Jioni simu ya jirani inalia, bibi anaitwa.

"Shikamoo bibi. Za jioni?"

"Marahaba mwalimu. Nzuri."

"Kuku vipi?"

Hakuuliza mtoto vipi. Kuku vipi. Na bibi wa watu, kwa ukweli wake wote, anajibu: leo amesimama. Leo amechechemea mpaka jikoni. Wiki ya tatu akasema, leo tumemkimbiza kwenye mtama.

Kesho yake Mwalimu akatokea Kwaluguru na bodaboda. Akamwangalia jogoo, akasema basi, mtoto amepona. Bibi akasita. Akamkumbusha kwamba hospitali walisema wiki sita. Mwalimu akamwambia, "Bibi, hospitali wana wiki zao za vitabuni. Huyu kuku ni ushahidi wa macho." Mtu wa baiolojia huyo. Ana cheti cha kufundisha watoto wa watu kwamba kuku ni ndege, ana mifupa myepesi, na mguu wake ni mwembamba kama kalamu. Mwanafunzi angejibu hivyo kwenye mtihani, angemkosesha. Lakini mchujo ulikuwa siku chache mbele, na golikipa wake wa akiba alikuwa anaogopa mpira.

Mgeni akija kwa Wazigua hali mlenda mtupu, na mgeni mwenyewe ni mwalimu. Bibi akatafuta kuku wa kuchinja. Kuku aliyekuwa karibu, amefungwa kamba, amenona kwa kulishwa, alikuwa yule yule. Mwalimu alikula kipimo chake mwenyewe, kwa ugali, akashushia na maji.

Baada ya kunawa, wakaloweka plasta kwenye beseni la kuogea, wakaikata kwa kisu cha jikoni. Zaina aliniambia baadaye kwamba alipouona mkono wake hakuutambua. Ulikuwa mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka kama magamba. Akajaribu kukunja vidole, ukauma. Akamwambia Mwalimu unauma.

"Hayo ni maumivu ya uvivu," Mwalimu akamjibu. "Yataisha ukianza kufanya mazoezi."

Akamtii. Angefanyaje? Tangu mko darasa la kwanza mnaimbishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Zaina alisikia la mkuu. La mkuu ndilo lililomvunja. Sijawahi kusikia methali iliyotumika vibaya kuliko hiyo, na nimeisikia ikitumika vibaya maisha yangu yote.

Kwenye mchujo alidaka vizuri kipindi cha kwanza, nimeambiwa, watu wakampigia makofi. Akisikia uchungu anauma jezi. Kipindi cha pili ukaja mpira wa chini upande wa kulia, mkono ule ule, akajitupa. Wote waliokuwa karibu na goli waliusikia mfupa.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wa chumba changu nikawakuta kwenye benchi. Zaina katikati, bibi yake upande huu, Mzee Mgaza upande ule. Bibi na Mzee Mgaza walikuwa wamepanda basi la alfajiri kutoka Handeni mara waliposikia. Mwalimu hakuwepo. Nilipofungua kitambaa walichomfungia, nikaona mkono umekaa vibaya kuliko mara ya kwanza, na picha ikaonyesha mfupa umepasuka mpaka kwenye kiungo chenyewe.

Bibi akaanza kulia. "Mwanangu, mimi nilimpa kuku kwa heshima," akawa anasema, "nilimpa kwa heshima tu." Alirudia hivyo hivyo, kana kwamba kosa ni la chakula.

Mwalimu alifika adhuhuri, bado na suti ya michezo. Mimi nilikuwa nimeshajaa mpaka hapa. Nikamuuliza mbele ya wote, wagonjwa na wauguzi, plasta yangu imekwenda wapi.

"Mama, kule nyumbani walisema kuku amepona," akajibu.

"Huyo kuku alikuwa anacheza namba ngapi?"

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Mzee Mgaza akainuka kwenye benchi. Alikuwa mtu mfupi, kanzu imeshonwa begani, na hasira yake ilikuwa sawa na yangu.

"Kuku wangu alitembea," akasema. "Nilisema akitembea, mtoto aanze kuchezesha mkono ndani ya nyumba, amsaidie bibi yake kupepeta. Kudaka mpira sikusema. Na kuku mwenyewe hakudaka. Kisha ukamla."

Hakuna aliyemwajibisha Mwalimu. Wasichana wengine wawili wa shule yake walichaguliwa, na yeye mwenyewe akachukuliwa kuwa kocha msaidizi wa timu ya mkoa. Huko ndiko haraka yake yote ilikokuwa inaelekea. Nimestaafu na jambo hilo bado linanikaa kooni.

Zaina alilazwa, akapewa dawa ya usingizi, mfupa ukavutwa upya. Safari hii plasta ilipita kiwiko. Na ilipotoka, kazi ndiyo ikaanza, na hapa nisikilizeni vizuri, maana watu hudhani plasta ikitoka mtu amepona. Plasta ikitoka umerudishiwa mkono wa mtu mwingine, inabidi uufundishe.

Sikuwa na mashine za kisasa. Nilikuwa na beseni la maji ya moto, chupa ya soda, na ibada. Ndiyo, ibada. Wagonjwa Wakristo niliwaambia wakunje mikono kama wanaposali, viganja vikutane, kisha washushe viwiko polepole mpaka kifundo kikaze. Wagonjwa Waislamu niliwaambia wainue mikono ya dua, viganja vitazame juu kabisa. Mkristo akishamaliza yake nampa na dua, Mwislamu akishamaliza yake nampa na sala. Mchungaji mmoja aliwahi kunikuta nafundisha hivyo akaniuliza ninaanzisha dini gani. Nikamwambia ya viungo.

Nyumbani ukande unga wa chapati, usikandiwe. Kamua nguo mwenyewe. Fungua kufuli kwa mkono ule ule unaouma. Chupa ya soda ijaze maji, ishike, laza mkono mezani, kiganja kining'inie nje ya meza, inua na kushusha. Kuuma kidogo ni kazi, kuuma kunakokunyima usingizi ni onyo. Na msikubali kuchuliwa na samli na mtu anayevuta kama anakamua muwa. Nimeshafunga mikono upya kwa sababu ya wachuaji.

Kwa Zaina vidole vilirudi, kukunja kulirudi, nguvu zilirudi. Kilichokataa ni kugeuza kiganja kitazame juu. Kila Jumanne alipokuja nilimwambia anyooshe mkono, namwekea unga kidogo wa mahindi kiganjani tuone kama utakaa. Mara ya kwanza ulimwagika wote sakafuni. Aliinama akaufagia kwa mkono wa kushoto. Tukafanya hivyo wiki baada ya wiki. Kuna siku zilibaki punje punje kwenye mikunjo ya kiganja, akaniangalia kama amefunga goli.

"Mama, leo umekaa," alisema.

"Umekaa kidogo. Jumanne ijayo nataka wa uji."

Wa uji haukufika. Tulifika nusu kijiko, tukasimama hapo. Kiungo kilichopasuka mara ya pili kina mpaka wake, na mimi naujua mpaka huo ninapoukuta, ila sikuwahi kuuchukia kama nilivyouchukia kwenye mkono wa mtoto yule. Alirudi kucheza, ndiyo. Yuko Mazingara sasa, ameolewa, anadakia timu ya wanawake ya huko, na mipira ya kulia haidaki, anaipiga ngumi. Wasiojua wanadhani ni mtindo wake. Lakini akiinua mikono ya dua, mkono mmoja unatazama mbinguni na mwingine unamtazama mwenziwe. Timu ya mkoa hakuingia tena. Mchujo wa mwaka uliofuata ulimkuta bado anafagia unga kwenye chumba changu.

Miaka ikapita. Nilikuwa karibu kustaafu, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanaume ana kitambi kidogo, amembeba mtoto wa kiume wa kama miaka kumi, ambaye angeweza kabisa kutembea. Mtoto ameanguka na baiskeli. Kifundo cha mkono wa kulia, mgongo juu, kama kijiko kilichopinduliwa. Nikainua macho, nikamtambua. Naye akanitambua.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba Mwalimu."

Mtoto hana kosa. Nilimfanyia kazi nzuri kuliko nilivyowahi kumfanyia mtu, nadhani kwa hasira. Nilipokuwa natandaza bandeji, baba yake akauliza wiki ngapi. Nikamwambia sita.

"Zinatosha kweli, Mama? Hatuwezi kuongeza hata mbili? Huyu mtundu, asije akakimbilia kucheza."

Mkuki kwa nguruwe. Niliimalizia kimoyomoyo. Kwa mdomo nilimuuliza jambo moja tu, kama ameshamvunja kuku.

Kisha nikamwambia anisaidie kuushika mkono plasta ikauke, nikanawe. Niligeuka kwenye sinki, sikumwelekeza lolote. Nilipotazama nyuma alikuwa ameinama, amefumbata ule mkono kwa viganja viwili, vidole amevinyoosha mbali visiguse, hapumui vizuri, vile vile Mzee Kiondo alivyonifundisha mimi nikiwa msichana. Hakuna aliyemfundisha. Nikasimama na maji yanachuruzika kwenye sinki, nikamkumbuka Zaina na lile beseni la kuogea na kisu cha jikoni. Kumbe alikuwa anajua kushika.

Basi ndivyo ilivyo. Ninyi mnaocheza, wakubwa wenu si kwamba hawajui mfupa unavyoshikwa. Wanajua sana. Ukiambiwa uingie uwanjani na mkono unauma, ukaambiwa hiyo ndiyo nidhamu, huo ndio uzalendo, mechi yenyewe ya kirafiki, usibishane habari za mifupa. Uliza swali moja, lile nililomuuliza kocha wa juma lililopita pale video ilipokatwa. Nilimwonyesha yule golikipa wake mwenye soksi juu ya hogo, nikamuuliza, "Huyu ni mwanao?"

Akashangaa kwamba naweza hata kudhani hivyo.

"Hapana, Mama," akasema. "Ni mtoto wa watu."